Mtoto Hujua Kusoma Baada ya Muda Gani?



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo liulizwalo na wazazi wengi kila mwaka shule zifunguliwapo. Mtu humpeleka mtoto wake shuleni amekogeshwa, amenyolewa, amevaa nguo mpya, na daftari i mkononi. Miezi mitatu ikipita baba humwita, akampa kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, akamwambia, "Haya, nisomee." Mtoto hukitazama kile kipande, akakaa kimya. Baba hukasirika. Mama husema mwalimu hafai. Bibi husema mtoto angali mdogo, mwacheni akue. Ni nani katika hao watatu asemaye kweli? Na mtoto mwenye akili timamu, aingiaye darasa la kwanza bila kujua hata herufi moja, yampasa kujua kusoma baada ya muda gani? Mwaka mmoja? Miwili? Mitatu?

Jibu lipo, ila si moja kwa watoto wote wa dunia. Muda huo hutegemea lugha ya mtoto, na maandishi ya lugha hiyo, na mwalimu, na vitabu, na wingi wa watoto darasani, na kama mtoto hufika shuleni kila siku au siku nyingine hubaki shambani kuamia ndege. Katika hayo yote nitaanza na lile ambalo watu hawalifikiri kabisa, nalo ni maandishi yenyewe.

Mwaka 2003 mtaalamu mmoja wa chuo kikuu cha Dundee katika nchi ya Scotland, jina lake Philip Seymour, pamoja na wenzake, alitangaza habari za uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi za Ulaya. Walikuwa wamewapima watoto wa lugha 13 karibu na mwisho wa mwaka wao wa kwanza wa shule. Kila mtoto alipewa maneno mafupi ya kawaida ya lugha yake, akaambiwa ayasome. Watoto wa Finland waliyasoma sawasawa maneno 98 katika kila 100. Wagiriki, Wajerumani, Waitalia na Wahispania walikuwa karibu nao, wote juu ya 90. Wafaransa walipata 79, Wareno 73, na watoto wa Denmark 71. Lakini watoto wa Scotland, wasomao Kiingereza, walipata maneno 34 tu katika 100. Na hata baada ya mwaka wa pili walikuwa wamefikia 76.

Je, watoto wa Scotland ni wajinga? Hasha. Taabu yao haikutoka kichwani mwao, bali katika kitabu. Kila aliyejifunza Kiingereza ajua mateso yake: maneno "cough", "though" na "through" humalizika kwa herufi zile zile nne, na kila moja lina sauti yake. Mtoto akisha kujua sauti za herufi zote za Kiingereza, bado hajui kusoma. Yambidi kuyajua maneno mengi moja moja, kama mtu ajuavyo nyuso za jirani zake. Lugha ya Kifini haiko hivyo. Karibu kila herufi ina sauti moja, na karibu kila sauti ina herufi yake. Akishazijua herufi, amekwisha kupata ufunguo wa nyumba nzima.

Huenda msikilizaji mmoja akainua mkono hapa na kusema: "Bwana, kumbuka kwamba watoto wa Finland huanza shule wakiwa na umri wa miaka saba, na wale wa Scotland huanza na mitano. Basi umefananisha ndama na mtamba." Neno hilo ni la haki, na yafaa lijibiwe. Watoto wa Denmark nao walikuwa wakianza na miaka saba kama wa Finland, lakini walipata 71 tu, maana maandishi ya Kidenmark yako mbali na matamshi yake. Kwa hiyo umri peke yake hauelezi tofauti ile. Tena uko ushahidi ulio bora zaidi, kutoka nchi ya Wales, ambako watoto wa eneo moja huenda shule za namna mbili: wengine husomeshwa kwa Kiwelshi, wengine kwa Kiingereza. Nchi ni ile ile, umri wa kuanza ni ule ule, na ufundishaji haupitani sana. Kiwelshi huandikwa kama kitamkwavyo. Mwaka huo huo wa 2003 Llinos Spencer na Richard Hanley walionyesha kwamba watoto wadogo waliosoma Kiwelshi waliwatangulia wenzao waliosoma Kiingereza katika kuyatambua maneno yaliyoandikwa. Hapo hapana ndama wala mtamba. Wote ni rika moja.

Sasa tugeuke kwetu.

Kiswahili kimepata bahati kubwa ambayo wenyewe twaitumia kila siku bila kuihesabu. Irabu zetu ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti moja, iwe mwanzo wa neno au katikati au mwisho. Herufi tuzitumiazo ni 24. Q na x hatuna haja nazo, na c haitembei bila h. Silabi zetu karibu zote humalizika kwa irabu. Mtu akijua kusoma "ka" katika "kaka", ataisoma "ka" ile ile katika "kalamu", katika "mkate" na katika "kunakilika", wala haitamgeuka njiani.

Mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Kwa karne kadhaa watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo washairi wa Pate, Lamu na Mombasa walitunga tenzi ambazo hata leo zatustaajabisha. Lakini Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo katika maandishi ya zamani e na i zilikaa chini ya alama moja, na o na u vivyo hivyo. Neno lililoandikwa hivyo liliweza kusomwa "kuku", au "kuko", au "koko", na msomaji alichagua lile lililofaa kwa maana ya mstari. Kwa mtu mzima aijuaye lugha na aijuaye bahari ya utenzi, hilo halikuwa tatizo kubwa. Kwa mtoto wa miaka saba lilikuwa kama kutafuta njia gizani.

Baadaye herufi za Kirumi zilipoenea, kila kundi la wageni liliandika kwa desturi ya kwao. Mwaka 1928 ulifanywa mkutano Mombasa, na Kiswahili cha Unguja kikachaguliwa kuwa msingi wa lugha ya vitabu. Kisha mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ili kusimamia tahajia na vitabu vya shule. Watu wengi, hasa wa Mombasa na Lamu, walinung'unika kwamba lugha yao nzuri imewekwa nyuma ya Kiunguja, na malalamiko hayo yalikuwa na haki yake. Lakini kwa mtoto wa darasa la kwanza kazi ile ilikuwa zawadi, kwa sababu tangu wakati huo kitabu chake kimeandikwa kwa kanuni moja, na kanuni yenyewe yafuata sauti.

Nisije nikawadanganya kwamba pote ni tambarare. Mtoto hukuta visiki kadhaa. Cha kwanza ni herufi zinazokwenda mbili mbili, ch, sh, th, dh, gh, ny. Na mbaya kuliko zote ni ng, ambayo husomwa namna moja katika "ngoma" na namna nyingine katika "ng'ombe", na tofauti yao yote ni kialama kidogo kama mguu wa nzi. Kisha iko m isimamayo peke yake kama silabi: "mtu" ni silabi mbili ingawa irabu yaonekana moja, na mtoto aliyezoea "ma, me, mi" huitia u akasoma "mutu". Mkazo nao hatuuandiki. "Barabara" yaweza kuwa njia ya magari, au yaweza kuwa neno la kusema kwamba jambo liko sawasawa kabisa, na aliyeandika hakutuonyesha ni ipi. Lakini taabu kubwa ni urefu wa maneno. "Wasipotusaidia" ni neno moja kwetu, lina silabi nane. Mwingereza hulisema kwa maneno matano mafupi, akapumzika mara nne njiani. Mtoto wa Kiswahili hana pa kupumzika. Afikapo kwenye "dia" amekwisha kusahau "wasi".

Sasa, hasa ni nini kinachotokea kichwani mwa mtoto anapojifunza? Wengi wafikiri kwamba kusoma ni kuzijua herufi tu. Kabla ya herufi kuna jambo jingine, nalo ni kutambua kwamba neno linaweza kukatwa vipande. Mtoto asemapo "baba" afikiri juu ya mtu, hafikiri juu ya sauti. Hajui kwamba mdomoni mwake mna "ba" na "ba" nyingine, sembuse b na a. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walieleza habari za watu wazima wa Ureno ambao hawakusoma kamwe. Waliambiwa waondoe sauti ya kwanza ya neno, au waongeze sauti moja mbele yake, wengi walishindwa. Watu wa namna ile ile waliojifunza kusoma wakiwa wakubwa waliweza. Basi sikio la mtu halizikati sauti moja moja kwa kukua tu. Hujifunza kuzikata kwa kufundishwa kusoma.

Lakini silabi ni jambo jingine. Silabi huzikata hata mtoto asiyesoma, na watoto wa Waswahili wana mchezo wao wa kale uitwao kinyume, ambao silabi ya mwisho huletwa mbele: "kitabu" huwa "bukita", na "chakula" huwa "lachaku". Wazee huwakemea, wakidhani wanasengenywa. Pengine ni kweli wanasengenywa. Hata hivyo mtoto ajuaye kusema kinyume upesi upesi amekwisha kufanya nusu ya kazi ya darasa la kwanza kabla hajashika kalamu. Ndiyo sababu naona njia ya kale ya "ba, be, bi, bo, bu" haikuwa ya kijinga kama wengine walivyoidharau. Yafuata mpasuko wa lugha yetu. Kosa liko pale mwalimu anapokomea hapo, darasa likaimba mwezi mzima kama chiriku, wala mtoto haonyeshwi kwamba "ba" na "bu" zikikaa pamoja ni babu yake aliyemwacha nyumbani. Na kosa lililo kubwa zaidi ni kumfundisha mtoto majina ya herufi kwa desturi ya Kiingereza kabla ya sauti zake. Aliyefundishwa kusema "bi, ei, bi, ei" atajuaje kwamba hiyo ni "baba"?

Akisha kupata njia ya kuunganisha, mtoto huanza kusoma kwa kuvuta: "m-to-to a-na-che-za." Hapo ndipo wazazi wengi husema, "Amekwisha kujua," wakamwacha. Lakini hapo ni mlangoni tu. Macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari kama maji. Huruka na kutua, huruka na kutua, na kila kituo ni kama robo ya sekunde. Msomaji hodari akitua mara moja hulichukua neno zima, kwa sababu amelikuta mara mamia. Mwanafunzi hulichukua silabi kwa silabi. Na kumbukumbu ya muda mfupi, ile ishikayo maneno mpaka sentensi imalizike, ni ndogo kama kiganja cha mkono. Ukitia maji mengi mno, au ukikawia njiani, yamwagika.

Hesabu kidogo itatufahamisha. Mwaka 2013 watoto wa darasa la pili walipimwa katika shule nyingi za Tanzania Bara, wakasoma Kiswahili kwa sauti huku saa ikihesabu. Kwa wastani walisoma sawasawa maneno 18 kwa dakika. Sentensi ya maneno 12, basi, ilimchukua mtoto sekunde 40. Jaribu mwenyewe: mwambie mtu akutamkie sentensi moja kwa muda wa sekunde 40, neno moja moja, kisha akuulize ilikuwa na habari gani. Haishangazi kwamba watoto wapatao wanane tu katika kila 100 walifikia kipimo cha kuelewa walichokisoma. Serikali ilikuja kuweka lengo la maneno 50 kwa dakika kwa mtoto amalizaye darasa la pili. Kwa mwendo huo sentensi ile ile yachukua kama sekunde 14, na maana yake yabaki kichwani.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, vijana wa kujitolea wa mpango uitwao Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na hadithi fupi ya Kiswahili ya kiasi cha darasa la pili. Katika watoto wa darasa la tatu wa Tanzania, watatu tu katika kila kumi waliweza kuisoma. Saba hawakuweza.

Hapa ndipo jambo letu linapokuwa zito. Kama maandishi yetu ni mepesi kama ya Kifini, mbona mtoto wa Finland husoma ndani ya mwaka wa kwanza, wa kwetu yuko darasa la tatu na hadithi imemshinda? Katika Finland karibu theluthi ya watoto huingia shule wakijua kusoma tayari, na wengi wa waliobaki hujua baada ya miezi michache. Herufi zetu hazina lawama. Lawama lazima itafutwe mahali pengine, na si mbali.

Tazama darasa. Ada za shule za msingi ziliondolewa Tanzania kuanzia mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, na watoto wakaja kama mvua ya masika. Lilikuwa jambo jema, na mtu asiniambie kwamba afadhali wale wa maskini wangalibaki nyumbani. Lakini walimu na vyumba havikuongezeka kwa mwendo ule. Mwalimu mwenye watoto 90 na kipindi cha dakika 30, akitaka kumsikiliza kila mmoja akisoma, atampa sekunde 20, ikiwa hakuna anayelia, wala anayepigana, wala anayeomba kwenda chooni. Kwa hiyo hafanyi hivyo. Huandika ubaoni, na darasa zima hutamka kwa pamoja, na katika sauti tisini hawezi kujua ni zipi zinazosoma na ni zipi zinazofuata wimbo. Mtoto aweza kupita miaka miwili hivi bila mtu yeyote kugundua kwamba hajui.

Kisha vitabu. Mtu hajifunzi kuogelea kwa kutazama mto, na ambaye kitabu chake hushirikiwa na wenzake watano, yeye akiwa pembeni akikiona kichwa chini, hapati zile mara mamia za kulikuta neno. Katika Kenya, tangu mwaka 2015, mpango uitwao Tusome ulijaribu dawa iliyo wazi: kila mtoto wa madarasa ya chini apewe kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza, mwalimu apewe mwongozo wa kila somo, na wakaguzi waende madarasani kumsaidia badala ya kumtisha. Watoto walioupata wakasoma vizuri kuliko waliowatangulia. Tanzania nayo, mwaka huo huo wa 2015, ilipunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili, na sehemu kubwa ya saa za shule ikapewa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ndizo zile K tatu. Kabla ya hapo mtoto asiyejua kusoma "mama" alikuwa na masomo chungu nzima ya kuandika daftarini.

Liko jambo jingine ambalo watu wa mijini hulisahau. Katika Tanzania peke yake kuna lugha zaidi ya 120, na mtoto wa kijijini mara nyingi hukutana na Kiswahili cha vitabu siku ile ile akutanapo na herufi. Akisoma "sungura" na asijue sungura ni mnyama gani, amesoma sauti tupu. Mtoto wa Kisukuma au wa Kigogo hupata msaada kidogo, maana lugha yake ni ndugu ya Kiswahili. Mtoto wa Kimasai hana hata msaada huo. Tena sikio la nyumbani hufuata shuleni. Kisukuma hakina r, na Kikuyu hakina l ya Kiswahili. Kwa hiyo watoto hao huandika wasikiavyo, na kati ya "mahali" na "mahari" pakazuka jambo la kuwashangaza wakwe. Mwalimu mwenye busara hampigi mtoto kwa kosa hilo, wala hamcheki. Humtamkia polepole, akamwonyesha ulimi unakaa wapi.

Na yule bibi asemaye mtoto angali mdogo? Wazazi wengi sasa wana haraka. Humpeleka mtoto wa miaka mitatu au minne apewe kalamu, na akishindwa huona aibu mbele ya jirani. Mtaalamu Sebastian Suggate alilichunguza jambo hili huko New Zealand, akawalinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka mitano na walioanza na saba. Mwanzoni wa kwanza walikuwa mbele, kama ilivyotazamiwa. Walipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, waliochelewa walikuwa wamewafikia. Basi bibi ana sehemu ya kweli kuhusu mtoto wa miaka minne. Lakini asilitumie neno lake kwa mtoto wa darasa la tatu. Wale wa New Zealand walikuwa na hadithi, nyimbo na maneno mengi nyumbani, na walipoanza walifundishwa sawasawa. Mtoto aliyekaa darasani miaka mitatu bila kufundishwa hatafikia wenzake kwa kungojea.

Basi jibu la swali letu, kwa kadiri nionavyo, ni hili. Mtoto ajuaye Kiswahili, afikaye shuleni kila siku, mwenye kitabu mkononi na mwalimu wa kumsikiliza, hana kizuizi chochote katika maandishi yetu cha kumzuia kusoma maneno mepesi kabla ya nusu ya mwaka wa kwanza, na sentensi fupi mwaka uishapo. Mwaka wa pili ni wa kuongeza mwendo. Yule ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwake apewe muda zaidi, na apewe maneno ya kusema kabla ya maneno ya kusoma. Kipande cha gazeti baada ya miezi mitatu ni haraka mno. Maneno ya gazeti ni marefu na habari zake si za mtoto. Lakini mwisho wa mwaka wa pili, asiyeweza kusoma hadithi ya mistari kumi ahitaji msaada mwaka huo huo, na mzazi na aende kuonana na mwalimu kwa adabu, amwulize, "Mwanangu amekwama wapi?" maana swali hilo humpa mwalimu kazi ya kulijibu.

Nyumbani mzazi aweza kupima mwenyewe. Usimpe mtoto ukurasa wa kwanza wa kitabu chake, kwa kuwa huo amekwisha kuuweka moyoni, na ataukariri hata macho yakiwa dirishani. Fungua katikati, mahali ambapo darasa halijafika. Funika picha kwa mkono, kwani picha ya mbuzi husoma neno "mbuzi" kabla ya mtoto. Weka kidole chini ya neno moja la katikati ya mstari, si la kwanza, umwulize ni lipi. Akikwama, usimtajie neno zima. Litenge kwa kidole silabi kwa silabi, naye aliunganishe. Robo saa kila jioni yatosha, mwanga ukiwapo. Akipiga miayo, funga kitabu.

Na wewe mama usemaye, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?", kazi hii ni yako pia, na pengine utaifanya vizuri kuliko baba asomaye, kwa sababu hutaweza kumnyang'anya kitabu ukamsomea. Keti naye, umwambie akusomee habari yote. Masikio yako yakijua Kiswahili, yatajua papo hapo akisema neno lisilokuwapo katika lugha, mwambie, "Rudia hapo, sikukufahamu." Akimaliza, mwulize ni nani alifanya nini, na kwa nini. Akisoma habari ya mbuni, mwulize kama ni yule ndege mkubwa au ule mti wa kahawa. Asipojua, asikisie, arudi kwenye mstari kutafuta kama mbuni huyo alikimbia au alichumwa.